Kitako cha kitunguu bado kiko hai

(Haya ni mazungumzo niliyotoa mbele ya watu wanaopenda kupanda vitu nyumbani, nimeyaandika karibu vile vile nilivyosema, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia rudia.)

Jamani sogeeni, wale wa nyuma hamtaona kitu maana nilivyoleta ni vidogo vidogo, glasi mbili, sahani moja na kichwa cha karoti. Asanteni. Mimi sikusomea mimea, ni mtu wa jikoni, ila ni miaka kadhaa sasa situpi kitako cha mboga yoyote kabla sijakigeuza nikakiangalia chini, na leo nataka niwaambie kile ninachokiangalia.

Tuanze na glasi hii. Ni vitunguu vya majani, nimevikata juzi jioni, majani yote ya kijani yameenda sufuriani nikabakiza ule weupe wa chini na mizizi yake, urefu wa sentimita 4 au 5 hivi, nikavisimamisha kwenye maji kidogo. Angalieni juu. Kijani kimeshatoka, kimezidi urefu wa ukucha, na ni siku 2 tu. Hii glasi nyingine ina siku 10, hivi unaweza kukata leo ukapikia.

Sasa kabla hatujaendelea naomba kila mtu aangalie ncha ya hili jani. Mmeona? Iko bapa. Hapo ndo kisu kilipita juzi, ni kidonda kile kile, kimepanda juu. Yani jani halikuanza upya pale nilipokata, limesukumwa kutoka chini. Nyumbani nilishajaribu kuweka nukta za kalamu kwenye jani, moja chini karibu na weupe, nyingine katikati, nyingine juu, baada ya siku kadhaa nukta mbili za juu ziko mbali vile vile kama nilivyoziacha lakini ile ya chini imebebwa juu kabisa. Kazi yote inafanyika huku chini tusikokuona.

Ukikipasua kitako cha kitunguu kwa urefu utaelewa. Chini kabisa pale mizizi inapotokea kuna kisahani kigumu, chembamba, wengi tunakikata na kukitupa bila kukifikiria. Kile kisahani ndo shina la kitunguu. Shina lote ndo hilo tu. Vingine vyote tunavyokula ni majani, hata ule weupe ni majani, sehemu za chini za majani zimeviringana moja ndani ya jingine. Na pale katikati juu ya kisahani kuna kinundu kidogo sana cha seli ambazo hazijaamua bado ziwe nini, kazi yao ni kugawanyika tu, zinatoa jani baada ya jani. Kinundu hicho kikiwepo na kisahani kikiwepo, kitunguu hakijafa hata kama umekula kilichobaki chote. Ukinunua vilivyokatwa mizizi pamoja na kisahani, hata uvibembeleze vipi vitaoza, kwa sababu aliyevikata ameondoa shina.

Kwahiyo watu wakiniuliza mboga gani zinaota tena jikoni na zipi haziwezi, mi nawajibu kwa swali, umekata wapi? Orodha za mboga ziko kila mahali na nyingi zinachanganya vitu, wanakuwekea karoti na tangawizi na letusi kama vile zote ni habari moja. Sio habari moja. Ukijua umeshika sehemu gani ya mmea utajua kitakachorudi na kisichoweza kurudi, na hutakasirika bure.

Chukua selari. Yale mabua marefu tunayotafuna ni vikonyo vya majani, bua la nje ukilikata halirefuki tena, basi. Ila ukikata mabua yote kwa pamoja ukaacha kitako cha sentimita 5 hivi, pale katikati kabisa kuna moyo, vijani vya njano njano vidogo ambavyo havikuwahi kuona mwanga. Weka kitako kwenye sahani yenye maji kidogo, uso uliokatwa uangalie juu. Pembeni patakauka na kuwa kahawia, usiogope, pembeni ni vidonda tu, katikati ndo patapanda. Wiki moja hivi unaona majani. Letusi ni hivyo hivyo, nayo ina haraka zaidi, lakini niseme ukweli, letusi ya kwenye sahani haifungi kichwa kama kile ulichonunua. Utapata majani machache membamba, na ikikaa sana inaanza kuinua shina kutafuta kutoa maua, hapo inakuwa chungu. Ile ikate mapema ikiwa bado changa.

Kabichi ina jambo zuri ambalo nalipenda. Kile kichwa kizima cha kabichi ni chipukizi moja, chipukizi kubwa mno ambalo halikufunguka. Ncha ya shina inatoa homoni inayoitwa auksini ambayo inashuka chini na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visiamke, yani wa juu akiwepo wa chini wanasubiri. Ukikata kichwa shambani ukaacha kisiki ardhini na majani yake ya chini, kile kizuizi kimeondoka, vichipukizi vya pembeni vinaamka na unaweza kupata vikabichi vidogo vidogo kadhaa kwenye kisiki kimoja. Jikoni kwenye sahani kitako cha kabichi hakina nguvu hiyo, kinatoa majani machache, lakini sababu yake ni ile ile.

Haya, karoti. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanakata tamaa. Kuna mama mmoja alinifuata akiwa na uchungu wa kweli, aliweka vichwa vya karoti kwenye maji wiki tatu na watoto wake, wakaona majani mazuri yametoka, wakahamishia kwenye udongo, wakasubiri miezi, wakachimba, hakuna karoti. Watoto wakalia. Alihisi amewadanganya watoto wake. Nikamwambia mama hukuwadanganya, uliambiwa vibaya.

Karoti ni mmea wa misimu miwili. Msimu wa kwanza inajaza mzizi akiba, sukari na vingine, msimu wa pili inaitumia ile akiba kupandisha shina, maua na mbegu, kisha inakufa. Ile karoti tunayokula ni hiyo akiba yenyewe. Sasa wewe umekula akiba ukabakiza kichwa. Kichwa kina vichipukizi vya majani kwa hiyo majani yatatoka, lakini ule mzizi mkuu ulishakatwa na mmea hautengenezi mwingine wa namna ile. Ukiuhamishia kwenye udongo na ukashika, utakachopata mwishoni ni maua meupe na mbegu. Na hapo ndo kuna uzuri ambao hakuna aliyemwambia yule mama, maana mbegu zile zikikomaa ukazipanda unapata karoti. Njia ipo, ila ni ndefu, inapitia kwenye ua. Majani ya karoti yenyewe yanaliwa, yana ukali kidogo, mi naweka kwenye supu. Bitiruti vile vile, bitiruti nyekundu haitarudi lakini majani yake ni mboga kamili tena tamu kuliko ya karoti.

Na nisije nikasemwa kwamba nimedai karoti haiwezekani kabisa kuzaliwa upya. Mwaka 1958 Frederick Steward na wenzake pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua vipande vidogo vya ndani ya mzizi wa karoti, wakavilea kwenye chupa zenye virutubisho pamoja na maji ya nazi, na kutoka kwenye zile seli wakapata mimea mizima ya karoti. Maji ya nazi jamani! Kwa sababu yale maji kazi yake ni kulisha mche mchanga ndani ya nazi, yamejaa vichocheo vya kukuza. Kwahiyo seli ya karoti inajua bado namna ya kuwa karoti, elimu yote imo ndani yake, kilichokosekana kwenye sahani yako ni mazingira ya kuiamsha. Mimi nikikumbuka hilo kila nikishika kichwa cha karoti nakishika kwa heshima.

Sasa maji, maana hapa ndo vitako vingi vinafia. Makosa ni yale yale kila mahali, mtu anajaza glasi mpaka kitunguu kinazama chote. Mizizi nayo inahitaji hewa, ile iliyoyeyuka kwenye maji, maji yakikaa siku nyingi bila kubadilishwa hewa inaisha, bakteria wanajaa, kitako kinakuwa na utelezi na harufu. Nilishaugua siku tano nikaviacha pale kwenye kaunta, niliporudi jikoni harufu ilinipokea mlangoni, na vile vitunguu nilikuwa nimevitunza vizuri tu kabla ya hapo, siku tano zilitosha. Maji yafunike mizizi na chini kidogo tu ya kitako, badilisha kila siku au kila baada ya siku moja, suuza na mizizi pia, kwa kidole, taratibu, uondoe ule utelezi. Kitako kikilainika katikati kitupe, usikionee huruma, na usile kitu kilichokaa kwenye maji yanayonuka hata kama juu kina kijani kizuri. Halafu kuna mbu. Maji yaliyotulia kwenye joto mbu anataga, na kutoka yai mpaka mbu anaruka ni kama siku 7 hadi 10, kwahiyo wewe unayebadilisha maji kila siku umeshamaliza hilo tatizo, na yule anayesahau glasi nyuma ya pazia anafuga mbu ndani ya nyumba yake.

Mwanga wa dirishani unatosha, jua kali la mchana linachemsha maji ya glasi ndogo. Glasi ikiota ukijani kwenye kuta zake, ule ni mwani, zungushia karatasi izuie mwanga.

Watu wananiuliza, kwani kitunguu kinakula nini humo kwenye maji? Swali zuri sana. Kulikuwa na mtu anaitwa Jan Baptist van Helmont, alifariki 1644, majaribio yake yakachapishwa 1648. Alipima udongo uliokaushwa karibu kilo 90, akaweka kwenye chombo, akapanda mche wa mti wenye uzito wa kilo 2 na kitu, akawa anamwagilia maji tu, miaka 5. Mwishoni ule mti ulikuwa karibu kilo 77. Akaukausha udongo akaupima tena, umepungua karibu gramu 60 tu. Akasema basi mti umetengenezwa na maji. Hakujua kwamba mmea unachukua hewa ya kaboni na kuiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga, hiyo ilikuja kueleweka baadae sana. Lakini mi kinachonishika ni zile gramu 60. Yeye alizipuuza. Zile gramu ndo naitrojeni, fosforasi, potasiamu na wenzao, kidogo sana ukilinganisha na mti mzima lakini bila hicho kidogo hakuna mti.

Glasi yako ya maji ya bomba haina zile gramu 60. Ina maji, ina hewa, ina mwanga, na kitako kimekuja na akiba yake ndogo kutoka shambani. Ndo maana mkato wa kwanza wa vitunguu ni mnono, wa pili mwembamba, wa tatu unakuwa kama uzi na ladha imepungua. Akiba imeisha. Hapo una mambo mawili, uvihamishie kwenye udongo wenye mboji, kopo lenye matundu chini linatosha, au uvishukuru uvipeleke kwenye mboji. Ukihamisha usingoje mizizi iwe msitu ndani ya glasi, mizizi iliyoota kwenye maji ni laini na haijazoea udongo, ikiwa na sentimita 2 au 3 hamisha, kisha ule udongo uwe na unyevu wiki ya kwanza. Kitunguu kikishashika kwenye udongo utakata miezi.

Nanaa na rehani nitapita haraka kwa sababu ni rahisi mno. Lile tawi ulilonunua kwa ajili ya majani, kata shina chini kidogo ya pingili, pale majani yanapotokea, ondoa majani ya chini yasizame, weka kwenye maji, wiki moja mbili mizizi inatoka kwenye pingili. Mchaichai pia, ukiwa na kitako chake kizima chini. Haya ndo naona yana faida kubwa kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu hapa hupati majani mawili matatu ya kubakia, unapata mmea kamili, na nanaa moja ikishashika kazi yako itakuwa kuizuia.

Kiazi kitamu nacho kinafurahisha watoto, ni mzizi ulionenepa, ukikisimamisha nusu ndani ya maji kwa vijiti vya meno kinatoa machipukizi juu, unayavunja yakifika sentimita 15 hivi unayaotesha mizizi kisha unapanda, na majani yake yanaliwa.

Lakini kiazi mviringo, hiki sikilizeni vizuri, ni habari nyingine kabisa. Watu wanavichanganya kwa sababu ya jina. Kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi, yale macho ni vichipukizi, ndo maana kipande chenye jicho kikizikwa kinaota. Ila majani yake, machipukizi yake, na yale matunda madogo ya kijani yanayokuja baada ya maua, vyote vina sumu, inaitwa solanini na ndugu zake. Kiazi chenyewe kikipigwa na mwanga kikawa kijani nacho kimejenga hiyo sumu, na kupika hakuiondoi. Kwahiyo usiweke kiazi mviringo dirishani karibu na kiazi kitamu halafu ukamwambia mtoto achume majani. Ukitaka kukipanda, kata kipande chenye macho, acha kidonda kikauke siku moja mbili kwanza, kiende ardhini, sio kwenye glasi.

Na kuna jambo linalohusu vyote. Mmea ulioota kutoka kwenye kipande ni yule yule mama yake, hakuna mchanganyiko wa mbegu, kwahiyo ugonjwa aliokuwa nao mama umekuja nao. Ireland kuanzia 1845 watu karibu milioni 1 walikufa kwa njaa, na sababu mojawapo ni kwamba maskini wengi walitegemea aina moja ya viazi iliyopandwa kipande kwa kipande miaka yote, ukungu ulipoingia ukakuta mashamba yamejaa mmea mmoja. Kopo lako dirishani si shamba la taifa, lakini kama una bustani nje yenye viazi vya maana, usichukue kiazi cha jikoni usichojua kilikotoka ukakizika katikati yao.

Tangawizi, hii ni ya wenye subira. Sio mzizi, ni shina linalotambaa chini. Chagua kipande kinene chenye vinundu vinavyong'aa kama ncha za pembe changa, kisizamishwe kwenye maji kitaoza, kilaze kwenye udongo sentimita 3 hivi chini, mahali pa joto, unyevu wa wastani. Kinaweza kukaa wiki nyingi bila kuonesha chochote na wewe usikichimbe kila siku kuangalia, nawajua. Mavuno kamili ni miezi 8 hadi 10. Kitunguu saumu, punje moja ikiota kwenye glasi inakupa majani ya kijani yenye ladha nyepesi, hayo kata ule. Kichwa kizima chenye punje nyingi kinataka udongo, na aina nyingi zinataka pia zipitie kipindi cha baridi, bila hiyo unapata tunguu moja la mviringo lisilogawanyika.

Kuna ndugu hapa aliniuliza kabla hatujaanza, hii itapunguza matumizi ya nyumbani? Kidogo, kwenye vitunguu vya majani na viungo, ndiyo. Kwenye letusi, letusi ni karibu asilimia 95 maji, majani matatu ya sahani hayashibishi mtu. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani, humo wamehesabu na sehemu zisizolika. Vitako vyangu vya dirishani havigusi namba kama hiyo na sitawaambia vinaigusa. Nilichokiona kwangu ni kwamba mtu akishazoea kugeuza kitako akakiangalia kabla ya kutupa, anaanza pia kuangalia ile nusu ya kabichi iliyosahaulika nyuma ya friji, na ile ndo nzito.

Basi, kwenye beseni pale kuna vitako, vya kitunguu, vya selari, na matawi ya nanaa. Kila mtu achukue kimoja, akigeuze, anioneshe kwa kidole shina liko wapi kabla hajaondoka nacho. Wewe kaka uliyeshika kile cha mwisho, ngoja, hicho kimekatwa juu mno, mizizi na kisahani havipo, rudisha uchukue kingine.